Usukani wa pikapu kuukuu unacheza: ukaze boksi, ulifungue, ununue la mtumba au jipya?

Pikapu ya miaka ishirini na zaidi ikianza kutangatanga barabarani, dereva akawa anazungusha usukani nusu kiganja kabla magurudumu hayajaitika, gereji nyingi hunyooshea kidole kitu kimoja: stelingi boksi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kati ya mikono ya dereva na tairi kuna viungo visivyopungua kumi, na boksi ndilo la bei kubwa kuliko vyote. Ukilibadilisha bila kupima, utalipa fedha nyingi na gari litabaki vilevile.

Hapa tunalinganisha njia nne za kushughulikia boksi: kulikaza, kulifungua na kubadilisha sili, kununua la mtumba, na kununua jipya. Mifano mingi ni ya Toyota Hilux, lakini Nissan Hardbody na Isuzu TFR za zamani nazo zina boksi la aina hiyohiyo, lenye skrubu ndefu inayosukuma nati juu ya gololi za chuma, na nati hiyo kuzungusha shafti yenye meno. Hilux Vigo ya 2005 na kuendelea inatumia reki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo, kwa hiyo yanayosemwa kuhusu boksi hayaihusu.

Hilux mbili, magonjwa mawili

Hilux LN106, iliyoanza kutoka 1988, ina ekseli moja kwa moja mbele, juu ya springi za majani. Mkono wa pitmani unaotoka kwenye boksi huenda mbele na nyuma, ukisukuma na kuvuta draglinki, fimbo inayofika hadi kwenye mkono uliofungwa juu ya kifundo cha gurudumu. Tairodi moja ndefu inaunganisha magurudumu mawili.

LN167, ya kizazi cha 1997 hadi 2005, haina ekseli ya namna hiyo. Kila gurudumu la mbele lina mikono yake, na badala ya springi za majani kuna toshenibaa, fimbo ya chuma inayojipinda. Pitmani yake huenda kushoto na kulia, ikivuta fimbo ya kati ambayo upande wa pili imeshikwa na aidola ami, mkono unaoitegemeza tu bila kuisukuma. Kutoka kwenye fimbo hiyo zinatoka tairodi mbili, kila moja na endi (kiungo cha ncha) mbili. Hardbody na TFR zina mpangilio wa namna hii.

Tofauti hii ndiyo inayoamua uanze kutazama wapi. Kwenye ekseli ya moja kwa moja, mshukiwa wa kwanza ni beringi za kingpini, pale kifundo kinapogeukia kwenye ekseli, na endi za draglinki. Kwenye toshenibaa, mshukiwa wa kwanza ni aidola, na fundi anayekwambia boksi limekwisha kabla hajaishika aidola kwa mkono hajapima chochote.

Kupima kabla ya kuchagua

Unahitaji mtu wa pili, tochi, na nusu saa. Gari likae chini kwenye sakafu ngumu, handibreki imevutwa, magurudumu ya nyuma yamezibwa kwa mawe, magurudumu ya mbele yamenyooka. Kama usukani ni wa pampu, washa injini. Ndani ya boksi la pampu kuna kijiti kinachojipinda kufungua valvu, na injini ikiwa imezimwa kujipinda huko kunaonekana kama ulegevu ambao haupo.

Pima kwanza ulegevu ukingoni mwa usukani. Bandika utepe, shika rula, na usogeze usukani kwa kidole kimoja kushoto na kulia mpaka uhisi magurudumu yanataka kusogea. Kwa pikapu za Toyota za kizazi hicho kikomo ni milimita 30. Ukipata 20, tatizo lako la kutangatanga huenda haliko kwenye viungo kabisa, tutarudi huko.

Kisha mtu wa pili achezeshe usukani polepole, kidogo kidogo, kushoto na kulia, nawe uwe uvunguni. Usitazame kila kitu kwa pamoja. Fuata nguvu inakopita, kiungo baada ya kiungo, ukiweka kidole juu ya mwungano wenyewe ili kiguse pande zote mbili. Jicho hudanganywa, kidole huhisi hata nusu milimita.

Anza na shafti inayoshuka kutoka kwenye usukani. Ina kiungo cha msalaba au kipande cha mpira mgumu chenye bolti. Mpira ukipasuka, shafti ya juu husogea kabla ya shafti inayoingia kwenye boksi, na hilo halina uhusiano wowote na boksi. Halafu tazama boksi lenyewe dhidi ya chesisi. Likitikisika zima zima, bolti zimelegea au chesisi imepasuka kwenye mashimo yake. Safisha matope hapo kwa brashi ya waya, kwani ufa mwembamba hufichwa na grisi na vumbi. Pikapu zilizofanya kazi kwenye barabara mbovu hupasuka hapo, na hakuna boksi, jipya wala la mtumba, litakaloponya chesisi iliyopasuka.

Sasa ndipo unapolipima boksi. Weka kidole kimoja kwenye shafti inayoingia na utazame pitmani. Shafti ikizunguka na pitmani isiondoke, ulegevu uko ndani ya boksi. Pitmani ikiitika mara moja lakini tairi haziitiki, ulegevu uko mbele yake, na boksi huna haja ya kuligusa.

Endelea: endi za draglinki au fimbo ya kati, aidola, endi za tairodi. Aidola ishike kwa mkono kwenye ncha inayoshika fimbo, uisukume juu na chini. Bushi iliyokwisha huiacha ipande na kushuka, na kila inapofanya hivyo gurudumu la upande huo hubadilisha mwelekeo bila dereva kugusa chochote. Ndiyo maana gari lenye aidola mbovu hutangatanga zaidi kwenye mashimo kuliko kwenye lami nyororo.

Mwisho nyanyua gurudumu, uweke stendi chini ya gari (jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika mbili), ushike tairi juu na chini na ulitikise. Likicheza, mtu wa pili akanyage breki. Ulegevu ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingpini kwenye LN106, au boljointi, kiungo cha tufe kinachoshika kifundo, kwenye LN167. Ukilishika kushoto na kulia na likacheza, rudi kwenye tairodi.

Kwenye LN106 na Land Cruiser zenye ekseli ya moja kwa moja kuna ukaguzi mmoja ambao hauvumilii uvivu: stadi nne (bolti zisizo na kichwa) zinazoshika mkono wa usukani juu ya kifundo. Zina washa zenye umbo la koni. Nati zikilegea, stadi huanza kukatika moja moja, na ya mwisho ikikatika usukani hauongozi tena kitu. Nati hizi hukazwa kwa takriban Nm (nyutoni-mita) 96, baada ya koni kugongwa zikae vizuri, si kukazwa juu ya koni zilizokaa upande. Ukiona vumbi jekundu la kutu likitoka pembeni ya koni, vinasogea. Usiliendeshe gari hilo.

Iwapo kipimo kimekuonyesha boksi, ndipo njia nne zinapokuja.

| Njia | Inafaa wakati | Haifai wakati | Gharama |
|---|---|---|---|
| Kukaza skrubu ya juu | Ulegevu mdogo katikati, boksi kavu | Linavuja, au linakwama likizungushwa | Kazi ya fundi tu |
| Kufungua na kubadilisha sili | Linavuja lakini halichezi | Shafti imechimbika au inayumba | Ndogo hadi ya kati |
| Boksi la mtumba | Meno yamekwisha, spea za ndani hazipatikani | Huwezi kulijaribu kabla ya kulipa | Ya kati |
| Boksi jipya | Gari la kazi ya kila siku, la kubaki nalo miaka | Pampu na mipira ya oili bado ni michafu | Kubwa |

Kukaza: bei rahisi, lakini kuna mpaka

Juu ya boksi kuna skrubu yenye loki nati. Inasukuma shafti yenye meno karibu zaidi na nati ya gololi, hivyo kupunguza nafasi kati ya meno. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kila mtu mwenye bisibisi anaweza kuifanya.

Boksi hutengenezwa meno yakiwa yamebanana zaidi katikati kuliko pembeni. Gari linakwenda moja kwa moja sehemu kubwa ya maisha yake, kwa hiyo katikati ndiko kunakolika. Ukikaza mpaka katikati pasicheze tena, pembeni, ambako meno bado ni mazima, patabana kupita kiasi. Dereva atakata kona na usukani hautarudi wenyewe. Kwenye mzunguko wa barabara hilo ni jambo la kuogopesha, na ndani ya boksi gololi na njia zake zinachimbika.

Namna ya kukaza isiyoharibu: nyanyua magurudumu ya mbele, hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, rudi nusu yake ili uwe katikati kamili. Usikaze magurudumu yakiwa yamekatwa kona. Tia alama ya rangi kwenye skrubu ili ujue ulikoanzia. Shika skrubu kwa bisibisi, legeza nati, kaza skrubu moja ya nane ya mzunguko, shika tena na ukaze nati. Zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Usikie kama kuna mahali pa kukwama. Pima ulegevu. Rudia kama bado. Ukifika nusu mzunguko na ulegevu haujaondoka, simama na urudishe skrubu kwenye alama yake. Boksi hilo limekwisha ndani, na kuendelea kukaza ni kuliua.

Ikiwezekana, toa draglinki kwenye pitmani kabla ya kuanza, kwani uzito wa magurudumu huficha sehemu inayokwama. Baada ya kukaza, jaribu barabarani polepole: kata kona, achia usukani kidogo, tazama kama unarudi.

Kwa hukumu yetu, njia hii ni halali kabisa kwa boksi kavu ambalo halijawahi kuguswa. Kwa boksi ambalo skrubu yake ina makovu ya bisibisi na nati yake imechakaa kona, mtu amekwishapita hapo. Usitegemee muujiza.

Kubadilisha sili: lazima ujue kwa nini lilivuja

Kiti ya sili, yaani seti ya vipande vya kuzuia uvujaji, ina sili ya shafti ya pitmani, sili ya shafti inayoingia, oringi na pete za plastiki za pistoni. Fundi anayejua kazi huimaliza kwa siku moja. Swali ni kama itadumu.

Sili ya chini ya pitmani ndiyo inayovuja mara nyingi zaidi. Inaelekea chini, kwenye matope na mchanga. Kabla ya kununua kiti, shika mkono wa pitmani na uusukume pembeni kwa nguvu. Shafti ikiyumba upande, beringi yake ya ndani au bushi imekwisha, na sili mpya itavuja ndani ya miezi michache. Boksi likishafunguliwa, pitisha ukucha kwenye sehemu ya shafti inayokaa sili. Ukucha ukinasa kwenye kishimo cha kutu, sili itakatwa. Kishimo kikiwa kidogo, sili huweza kusukumwa milimita mbili ndani zaidi ili midomo yake ikae kwenye chuma safi, kama nafasi ipo. Kikiwa kikubwa, nenda kwenye mtumba au jipya.

Mkono wa pitmani hutoka kwa puli. Wengine huugonga kwa nyundo kutoka chini mpaka uachie, na kila kipigo kinakwenda moja kwa moja kwenye meno na beringi ambazo unajaribu kuziokoa. Tia alama kati ya mkono na shafti kabla ya kuutoa. Mikono mingi ina jino pana linalozuia kukosea, lakini mkono uliobadilishwa siku za nyuma huenda hauna.

Uvujaji mwingine si wa boksi. Mipira ya presha huvuja kwenye vichwa vyake na oili hutiririka hadi kwenye boksi, ikaonekana kama boksi ndilo linalovuja. Osha boksi kwa petroli, kausha, washa injini, mtu azungushe usukani, na utazame tone la kwanza linatokea wapi. Kwenye Land Cruiser yenye injini ya 1HZ kuna jambo la ziada: pampu inaendeshwa na gia za taimingi. Sili yake ya ndani ikifa, oili ya usukani huingia kwenye injini. Birika linapungua, chini hakuna hata tone, na fundi anabadilisha sili za boksi zisizo na kosa.

Kosa la kawaida ni kujaza oili ya breki kwenye birika la usukani kwa sababu ndiyo iliyopo dukani jioni hiyo. Sili za usukani hazikutengenezwa kwa oili ya breki. Hufura na kulegea. Hilux hizi zinatumia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, aina ya Dexron II au III. Birika likiwa limeshatiwa oili ya breki, kusukuma ATF mpya kupita kwenye mfumo mzima kunaweza kuokoa kitu, lakini usishangae ukihitaji kiti ya sili ya boksi na ya pampu kwa pamoja.

La mtumba: hapa ndipo faida na hasara vinapokaribiana

Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, boksi la mtumba la Hilux si kitu cha kutafuta kwa wiki nzima. Likitoka kwenye gari la Japani lililokuwa na kilomita chache, linaweza kuwa bora kuliko jipya la bei rahisi. Likitoka kwenye gari lililogonga gurudumu la mbele, ni chuma chakavu chenye sura nzuri.

Jambo la kwanza kabla ya bei ni upande wa usukani. Tanzania, Kenya na Uganda gari hupita kushoto na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Congo gari hupita kulia. Spea nyingi zinazopitia Dubai zimetolewa kwenye magari ya usukani wa kushoto, kama ilivyo Emirati na Omani. Boksi la upande huo halikai kwenye chesisi ya upande wa pili hata kama bolti zinakaribia kulingana: limegeuzwa, na pitmani ingekwenda kinyume. Burundi na mashariki ya Congo yako pia magari mengi ya usukani wa kulia yaliyoagizwa kutoka Japani, kwa hiyo huko usimwambie muuzaji jina la gari tu. Mwambie na upande.

Jambo la pili ni mwendo wa pitmani. Boksi la LN167 husukuma kushoto na kulia. La LN106 husukuma mbele na nyuma. Yote yanaitwa boksi la Hilux, na muuzaji hasemi uongo anapoliita hivyo. Beba picha ya boksi lako likiwa bado liko kwenye gari, pamoja na namba ya chesisi. Linganisha idadi na nafasi ya mashimo ya bolti, meno ya shafti ya juu, na vichwa vya mipira. Boksi lisilo la pampu na la pampu hayabadilishani bila kubadilisha na vingine vingi.

Likiwa mezani, lizungushe shafti ya juu kwa mkono, ukivaa kitambaa, kutoka mwisho hadi mwisho. Linapaswa kwenda laini kote, likibana kidogo tu likipita katikati. Ukihisi michubuko, kama mchanga kwenye gololi, liache. Likiwa katikati, shika pitmani au shafti yake na uipindue huku na huku. Ulegevu unaohisiwa mkononi hapo utakuwa mkubwa mara kadhaa ukingoni mwa usukani. Tazama shafti ya chini kwa kutu, na matundu ya oili kama yalizibwa. Boksi lililokaa mvua likiwa wazi lina maji ndani. Tazama pia kama skrubu ya juu ina makovu: mtumba uliokazwa kuficha ulegevu si jambo geni.

Muulize muuzaji kama anakubali kurudishiwa likivuja baada ya kufungwa. Akikataa kabisa, punguza bei unayokubali kulipa kwa thamani ya kiti ya sili, maana huenda ukaihitaji.

Jipya: la kampuni au la kunakili

Boksi jipya lenye asili ya kiwanda cha gari ndilo jibu lisilo na mjadala, na bei yake kwa pikapu ya umri huu inaweza kukaribia sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Kwa gari la kubeba watu au mizigo kila siku, linalolala njiani likiharibika, hesabu inaweza kukubali. Kwa gari la shambani linaloenda sokoni mara mbili kwa wiki, mara nyingi haikubali.

Mapya ya kunakili yanauzwa kwa bei ya chini sana. Ubora wake unatofautiana hata kati ya maboksi mawili ya kasha moja. Lipime dukani kwa vipimo vilevile vya mtumba: lizungushe, litafute katikati, litikise. Boksi jipya lenye ulegevu katikati siku ya kwanza litakuwa na ulegevu zaidi mwezi wa tatu.

Lolote utakalofunga, jipya au la mtumba, safisha mfumo kwanza. Boksi la zamani lililolika meno limeacha chembe za chuma kwenye oili, mipira na birika. Toa mpira wa kurudi, uelekeze kwenye chombo, jaza birika kwa ATF safi huku mtu akizungusha usukani mpaka oili itoke safi. Kisha toa hewa: magurudumu juu, injini imezimwa, zungusha mwisho hadi mwisho mara kadhaa huku ukijaza, washa injini, rudia, bila kushikilia usukani mwisho kwa zaidi ya sekunde mbili au tatu. Oili ikiwa na povu, bado kuna hewa. Ukizima injini na kimo cha oili kikapanda zaidi ya milimita 5, bado kuna hewa.

Viungo vidogo navyo vina mtumba na jipya

Hapa msimamo wetu ni mkali zaidi kuliko kwa boksi: endi ya tairodi, boljointi na endi ya draglinki hazinunuliwi mtumba. Ulegevu wake hauonekani kwenye meza ya duka bila uzito wa gari. Chagua majina yanayojulikana, kama 555 ya Japani au CTR ya Korea, na uwe mwangalifu na kasha, kwa sababu majina hayo ndiyo yanayoigwa. Endi nzuri ukiishika mkononi hubana sawasawa kila upande. Ikizunguka kwa ulaini wa maji siku ya kwanza, irudishe. Kotapini, pini inayozuia nati kulegea, huwa mpya kila mara.

Boljointi iliyochomelewa ili isicheze ni jambo la kukataa papo hapo, hata ukiahidiwa kwamba itafika Dodoma na kurudi. Moto unaua ugumu wa tufe lake la chuma na kuyeyusha plastiki ya ndani. Bushi ya aidola ni habari nyingine. Iliyochongwa kwenye leithi kwa shaba, ikawekewa nipo ya grisi na kupigwa grisi kila mwezi, inaweza kudumu vizuri. Kuna mafundi wanaoifanya kazi hii kwa usahihi mkubwa, nasi tunaiona ni bora kuliko aidola nzima ya kunakili. Sharti ni kwamba shafti yake iwe duara bado. Ikiwa imelika upande mmoja, bushi haisaidii.

Draglinki ya LN106 ina faida yake: ncha zake zina springi, vikombe na plagi ya kukaza, hivyo unaweza kuifungua, kuosha, kubadilisha vikombe na kuifunga tena. Plagi hukazwa mpaka mwisho kisha hulegezwa mzunguko mmoja na kidogo, hadi tundu la kotapini lilingane. Ikiachwa imekazwa kabisa, usukani unakuwa mzito na draglinki inaweza kuvunjika ekseli inapopanda kwenye jiwe.

Beringi za kingpini hununuliwa kwa seti pamoja na sili na hukazwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma. Kipimo ni mizani ya springi iliyofungwa mwisho wa mkono wa kifundo, tairodi ikiwa imetolewa: kwa Hilux, kuanza kugeuza kifundo kuhitaji kilo 3 hadi 6. Chini ya hapo gari litatetemeka usukani kwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Wengi hutibu mtetemo huo kwa kufunga dampa mpya ya usukani (kifaa cha kupunguza mitikisiko), na hupona kwa miezi kadhaa. Dampa huficha, shimu hutibu.

Wakati hakuna kinacholegea

Ukipima vyote na ulegevu uko chini ya milimita 30, lakini pikapu bado inatangatanga, tazama jinsi ilivyokaa. Kuongeza majani kwenye springi za nyuma ili ibebe mzigo zaidi kunainua mkia na kuinamisha pua, na pembe inayorudisha magurudumu katikati inapungua. Matokeo ni usukani unaohisi mwepesi usiojua njia ya nyumbani. Kwenye LN106 pembe hiyo hurudishwa kwa kabari za chuma kati ya ekseli na springi. Kwenye LN167, kwa kurekebisha mikono ya gurudumu kwenye mashine ya alaimenti, ya kupima mwelekeo wa magurudumu.

Kinyume chake, pikapu hiyohiyo ikipakiwa tani yote nyuma ya ekseli huinua pua, tairi za mbele zinapoteza uzito, na usukani unaelea. Hilo halina spea ya kununua. Sogeza mzigo mbele.

Tairi nazo. Kabla ya kulaumu alaimenti kwa gari linalovuta upande mmoja, badilishana tairi za mbele kushoto na kulia. Likianza kuvuta upande wa pili, ni tairi. Rimu za kutokeza nje huongeza mkono wa nguvu kila gurudumu linapogonga shimo, na aidola na boljointi ndizo zinazolipa.

Baada ya kazi yoyote iliyotajwa, nyoosha magurudumu na pima umbali kati ya tairi za mbele, mbele na nyuma ya ekseli, kwa utepe ulio kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Mbele ikiwa pungufu kwa milimita 1 hadi 3, gari linaweza kuendeshwa hadi kwenye mashine ya alaimenti. Usukani ukikaa upande, kwenye LN106 unyooshe kwa urefu wa draglinki. Kwenye LN167, kwa tairodi mbili kwa kiasi sawa, moja ikirefushwa na nyingine kufupishwa. Kung'oa usukani na kuuweka upya kwenye meno ya shafti ni njia ya mkato inayoliacha boksi likifanya kazi nje ya katikati yake, sehemu ambayo haikubuniwa kwa mwendo wa moja kwa moja. Kilomita 500 baadaye, ingia uvunguni tena na spana ukakaze bolti za boksi na nati ya pitmani.